Jinsi ya kuyafikia mabaki ya B-29 kule Bleaklow bila kupotea: mwongozo kamili

Wengi wanaopanda mlima wa Bleaklow, kaskazini mwa Uingereza, kuyatafuta mabaki ya ile ndege ya kijeshi ya Wamarekani iliyoanguka huko hurudi na picha za ukungu na viatu vilivyojaa tope. Malalamiko yao yanafanana: tulikuwa karibu kabisa, simu ilionyesha mita mia tatu tu, mbona hatukuiona? Miguu haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba walishuka kwenye gari, wakafungua simu, wakaona alama ya ndege iko kilomita mbili mbele, wakaifuata kwa mstari ulionyooka. Bleaklow haiendeki kwa mstari ulionyooka.

Mwongozo huu nimewaandikia hasa Waswahili tunaoishi Manchester, Sheffield, Leeds na miji ya jirani, pamoja na wageni wetu wanaotaka kuona kitu tofauti na maduka. Historia naiacha, isipokuwa haya machache ambayo lazima uyajue kabla ya kukanyaga pale. Ndege ni Boeing RB-29A, yaani B-29 ya upelelezi, ya jeshi la anga la Marekani. Tarehe 3 Novemba 1948 ilikuwa safarini kutoka kituo cha anga cha Scampton kwenda kituo cha Burtonwood, safari fupi sana, ikashuka ndani ya mawingu ikagonga mlima. Watu wote 13 waliokuwamo walikufa. Mawingu ya aina hiyo hiyo ndiyo yanayowapoteza watu hadi leo.

## Unatafuta nini, na kiko wapi

Mabaki yapo juu ya Bleaklow, ndani ya hifadhi ya Peak District, mita zipatazo 610 kutoka usawa wa bahari. Kwenye ramani, namba za gridi ni SK 090 949. Kilele kilicho karibu kinaitwa Higher Shelf Stones, chenye urefu wa mita 621, na juu yake pana nguzo nyeupe ya zege ya wapima ramani. Kutoka kwenye nguzo hiyo, mabaki yako upande wa kaskazini-mashariki, mita 150 hadi 200 hivi.

Kumbuka hiyo nguzo. Itakuokoa baadaye.

Juu ya mlima si kilele chembamba, ni uwanda mpana wa udongo mweusi wa kinamasi. Maji yameukata udongo huo kwa miaka mingi na kuacha mifereji yenye kina cha kumzidi mtu mzima. Ukishaingia humo ndani huoni mbali, na kila mfereji unakupindisha kidogo. Ni kama vichochoro vya Mji Mkongwe: unaingia ukijua bahari iko upande gani, unapinda mara tatu, hujui tena. Hapo ndipo mstari wa simu unapokosa maana.

## Vifaa, kabla ya lolote

Usipunguze orodha hii kwa sababu eti ni saa chache tu.

- Ramani ya karatasi. Nunua Ordnance Survey Explorer OL1, Dark Peak, ya kipimo cha 1:25,000. Sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita moja chini.
- Dira ya bapa ya plastiki yenye duara la nyuzi linalozunguka. Dira ya kwenye simu haitoshi.
- Simu yenye chaji kamili, na pawabenki. Pakua ramani ya eneo lote ukiwa nyumbani, kwa sababu mtandao unakatika njiani.
- Buti zenye kifundo kirefu na soli ya meno. Raba za mjini zitavuliwa na tope, na hilo si tishio la maneno matupu: tope la pale linashika kiatu na kukibakiza.
- Koti na suruali za mvua, sweta la ziada, kofia na glavu hata kama ni Mei. Epuka jinzi. Ikilowa inakuwa nzito na inafyonza joto la mwili.
- Tochi ya kichwani yenye betri mpya, na filimbi.
- Maji lita moja na nusu, chakula cha kutosha siku nzima, na themosi ya chai. Tende na karanga zinafaa kuliko mkate, maana unakula ukitembea.
- Begi la dharura la plastiki la kujifunika mwili mzima ukikwama. Ni la bei ndogo na linakaa chini ya begi lako miaka na miaka.

Usiende peke yako mara ya kwanza. Watu watatu au wanne ndiyo idadi nzuri, na utaona sababu kwenye hatua ya sita.

## Sheria ya pale, kwa ufupi

Kuona na kupiga picha ni ruhusa, huhitaji kibali. Lakini mabaki ya ndege za kijeshi Uingereza yanalindwa na sheria ya mwaka 1986. Kuchukua kipande, kukihamisha au kuchimba bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa la jinai. Hata msumari. Hata kipande kidogo cha bati unachotaka kumpelekea mtoto.

Moto wa aina yoyote ni marufuku: hakuna mkaa, hakuna jiko la kuchomea nyama. Udongo ule ukikauka unaungua kwa chini chini na kuuzima ni kazi ya siku nyingi. Ukiwa na mbwa, mfunge kamba kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, maana ndege wa porini wanataga chini kwenye majani.

## Hatua ya 1: Chagua siku, na uwe tayari kuiacha

Angalia utabiri wa hali ya hewa wa milimani wa Met Office kwa Peak District, si ule wa mji wako. Tofauti ni kubwa. Manchester kunaweza kuwa na jua na Bleaklow imefunikwa kabisa.

Kitu cha kutazama kwanza ni kimo cha mawingu. Mabaki yako mita 610, kwa hiyo utabiri ukisema mawingu yatashuka hadi mita 500, utatembea ndani ya ukungu tangu unapotoka garini. Kwa safari ya kwanza, ahirisha. Cha pili ni upepo, cha tatu mvua ya siku mbili zilizopita, kwa sababu vijito hujaa.

Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Desemba jua linazama karibu saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, wakati Juni linazama saa tatu na dakika arobaini usiku. Wanaokwenda Novemba kwa sababu ni mwezi wa kumbukumbu ya ajali nawaelewa, na nia yao ni njema, lakini waondoke barabarani kabla ya saa nne asubuhi.

Umefanikiwa ikiwa: umechagua siku, na umechagua pia siku ya akiba. Asiye na siku ya akiba hulazimisha.

## Hatua ya 2: Iandae ramani mezani, nyumbani

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua safari. Kalia ramani nusu saa.

Soma namba za gridi hivi: SK ni jina la eneo. Tarakimu tatu za kwanza, 090, unazihesabu kutoka kushoto kwenda kulia. Tatu za mwisho, 949, unazihesabu kutoka chini kwenda juu. Weka alama ya penseli pale zinapokutana.

Kisha weka alama nyingine nne: kilele cha barabara ya Snake Pass, handaki (mtaro mrefu ulio wazi juu) liitwalo Devil's Dyke, mahali njia ya miguu ya Pennine Way inapokutana na kijito cha Hern Clough, na nguzo ya Higher Shelf Stones.

Sasa tafuta alama ya mwisho, ambayo haikuandikwa popote: mahali pa kuachana na kijito. Fuata Hern Clough kwenda juu kwa kidole. Kinapinda, kinapokea vijito vidogo, kisha kinasinyaa. Chagua sehemu yenye kona au makutano unayoweza kuyatambua ukiwa umesimama pale, ambayo kutoka hapo mabaki yako upande wa kushoto kwa umbali mdogo, kama nusu kilomita. Pima umbali kwa rula. Pima mwelekeo kwa dira: utaangukia magharibi au kusini kidogo ya magharibi, kutegemea kona uliyochagua. Andika nyuzi hizo na umbali huo pembeni ya ramani kwa herufi kubwa.

Usihangaike na kusahihisha tofauti ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya dira. Kwa Peak District tofauti hiyo siku hizi ni ndogo kuliko nyuzi moja.

Kwa nini kuachana na kijito pale na si mapema? Kwa sababu kijito hakikudanganyi hata kwenye ukungu. Kila mita unayotembea kando yake ni mita ambayo huwezi kupotea. Tunataka kubakiza kipande kifupi iwezekanavyo cha kutembea kwa dira tupu.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kumsimulia mtu njia nzima bila kutazama ramani.

## Hatua ya 3: Kufika mwanzo wa njia

Wenye gari wanaanzia kilele cha Snake Pass, barabara ya A57 kati ya Glossop na Sheffield, mita zipatazo 510. Sehemu za kuegesha ni chache, kwa hiyo wahi. Soma vibao, usiegeshe juu ya majani wala kuziba barabara. Barabara hii hufungwa theluji ikianguka, na mwaka 2022 ilifungwa kwa maporomoko ya ardhi, hivyo hakikisha iko wazi kabla ya kuondoka nyumbani.

Wasio na gari wachukue treni kutoka Manchester Piccadilly hadi Glossop, nusu saa hivi. Kutoka hapo tembea hadi Old Glossop, ufuate njia ya kale ya Doctor's Gate inayopanda bondeni kando ya Shelf Brook mpaka ikutane na njia kuu ya Pennine Way. Mandhari ni nzuri kuliko ya barabarani, lakini ni zaidi ya kilomita 15 kwenda na kurudi na mwinuko wa mita zisizopungua 450. Hiyo ni siku nzima. Mwenye watoto aanzie Snake Pass.

Kabla ya kupoteza mtandao, mtumie mtu wa nyumbani ujumbe: tunaanzia wapi, tunapita wapi, tuko wangapi, tutarudi barabarani saa ngapi, na wewe upige simu polisi saa ngapi ukiwa hujatusikia.

## Hatua ya 4: Kutoka barabarani hadi kwenye kijito

Kutoka Snake Pass, shika Pennine Way kuelekea kaskazini. Mwanzoni ni rahisi: mawe bapa yamelazwa juu ya kinamasi. Usitoke juu ya mawe hayo hata ukiona njia fupi. Mawe yamewekwa ili watu wasizame na ili udongo usikanyagwe ukafa.

Baada ya muda mfupi utaikata Doctor's Gate. Endelea mbele. Njia inaingia Devil's Dyke, handaki refu lenye kingo pande zote mbili. Ndani yake huoni chochote ila ukingo na mbingu, na watu huingiwa na wasiwasi kuwa wamepotea. Hamjapotea. Kaeni ndani ya handaki, msipande kingo kutafuta mandhari.

Ukitoka, njia inashuka na kukutana na Hern Clough. Jaribu hapa jambo moja: tazama maji yanakokwenda. Unapanda mlima, kwa hiyo maji lazima yaje kukukabili. Yakienda upande ule ule unaokwenda wewe, umegeukia upande usio sahihi.

Umefanikiwa ikiwa: umesimama kando ya kijito, maji yanakuja usoni pako, na saa yako inaonyesha dakika 45 hadi saa nzima tangu uondoke barabarani.

## Hatua ya 5: Fuata kijito, uhesabu kona

Hapa njia inakuwa mbovu zaidi. Inavuka kijito mara kwa mara na pengine inapotea juu ya changarawe. Usijali njia, jali kijito. Mmoja wenu ashike ramani mkononi, isiwe begini, na ataje kila kona na kila mkondo unaoingia: "Huu wa kulia tumeupita. Sasa unakuja wa kushoto."

Mtaona vizuizi vidogo vya mawe na mbao ndani ya mifereji. Vimejengwa makusudi kuzuia maji yasiuchukue udongo na kurudisha uoto. Usivitumie kama daraja.

Utakapofika kwenye kona uliyoichagua mezani, simama. Kula kitu, kunywa chai. Tazama saa, tazama mawingu. Kama ukungu umeshuka na hakuna kati yenu anayejiamini na dira, hapa ndipo pa kugeukia. Njia ya kurudi kutoka hapa ni kijito kile kile, kisha Devil's Dyke na mawe bapa mpaka barabarani, mtoto anaiweza. Ukipita hapa, haiko hivyo tena. Msimu wa baridi, kama imeshapita saa saba mchana, geuka hata kama mbingu ni safi.

## Hatua ya 6: Ile nusu kilomita

Sasa tumefika pale watu wanaposhindwa. Soma yote kabla ya kunyanyua mguu.

Kwanza weka nyuzi zako kwenye dira. Ishike kifuani, mbali na simu, maana sumaku ya spika inavuta sindano. Zunguka na mwili wako wote mpaka ncha nyekundu ya sindano ielekee alama ya kaskazini (N) ya duara. Mshale wa bapa sasa unaonyesha mabaki.

Pili, usitembee ukiitazama dira. Ukifanya hivyo utakwepa kila shimo kwa upande ule ule na mwisho utakuwa umeenda kombo mita mia. Badala yake, mtume mwenzako mbele mpaka anapoonekana mwisho. Mwelekeze kwa mkono: kulia kidogo, kushoto, hapo hapo. Akishasimama juu ya mstari, nendeni nyote mpaka alipo, kisha mtumeni tena. Hata mkivuka mfereji wenye kina, yeye ndiye nguzo yenu. Ndiyo maana nilisema watu watatu au wanne.

Tatu, hesabu hatua. Kwenye barabara ya lami mtu mzima wa kawaida hupiga hatua za mguu wa kulia 60 hadi 65 kwa mita 100. Kwenye kinamasi zinafika 75 au 80. Mmoja ahesabu kwa sauti, na kila mita mia zikitimia ahamishe kijiwe kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Nusu kilomita ya ardhi ile huchukua dakika 10 hadi 15. Ukiwa umetembea dakika 25 hujaona kitu, umeshapita.

Nne, mtakapokutana na mfereji mpana, vukeni ng'ambo moja kwa moja kisha mrudi kwenye mstari. Msiufuate mfereji kwa sababu sakafu yake ni laini kukanyagika. Kosa hili peke yake, naamini, limewanyima watu wengi zaidi kuiona ndege hiyo kuliko ukungu. Sakafu ya mchanga inavutia, inakwenda karibu na upande unaoutaka, na baada ya mita mia mbili inakutoa mahali pengine kabisa.

Dalili za mwanzo ni ndogo: kipande cha bati la kijivu-fedha kwenye udongo mweusi, ukubwa wa kiganja. Udongo ule hauna kitu kingine chenye rangi hiyo. Simama, tazama pande zote. Ukiona cha pili, umefika.

### Hujaona kitu?

Una ukuta wa kukuzuia usiende mbali. Upande wa kusini na magharibi wa Higher Shelf Stones ardhi inaporomoka ghafla kuelekea bonde la Doctor's Gate. Uwanda ukianza kuinama sana mbele yako, umepitiliza. Siku ya ukungu sogea taratibu ukikaribia ukingo huo, kuna miamba.

Itafute ile nguzo nyeupe. Imesimama juu ya kila kitu na hapo miamba imechorwa majina ya watu wa zamani, haifanani na mahali pengine. Ukiishika nguzo, mahesabu yote yaliyopita yafute: sasa unajua ulipo kwa uhakika. Weka dira kaskazini-mashariki, nyuzi 50 hadi 60, uende mita 200 zilizohesabiwa. Jipangeni mstari wa ubavu kwa ubavu, kila mmoja akimwona mwenzake, mtembee sambamba. Watu wanne waliotawanyika hivyo wanapekua upana ambao mtu mmoja hawezi kuupekua.

Tumia simu sasa, kama ulikuwa umeihifadhi. Mita 200 za mwisho ndizo kazi yake halisi, kuthibitisha.

## Hatua ya 7: Ukiwa kwenye mabaki

Vipande vimetawanyika eneo pana. Mabawa ya B-29 yalikuwa na upana wa mita 43, na hapa imekuja chini yote. Anza kwa kuzunguka nje, polepole, kabla ya kuingia kati.

Injini ndizo zitakazokushika jicho. Zilikuwa nne, Wright R-3350, kila moja na silinda 18 zilizopangwa duara, tisa mbele na tisa nyuma. Piga goti karibu na moja uhesabu. Utaona mapezi membamba ya kupoozea joto kuzunguka silinda, yamebanana kama yalivyotoka kiwandani, mengine yamepinda upande mmoja kwa kishindo. Kutu imeshika chuma, wakati alumini ya mwili wa ndege bado inang'aa. Ndiyo sababu ndege inaonekana kama iliyoanguka juzi na injini kama za karne nyingine.

Tafuta pia miguu ya magurudumu ya kutua na vishikio vyake vizito, mapete ya chuma ya mizinga ya juu ya mgongo, na mbavu za mwili wa ndege zenye mistari ya ribiti. Soma ribiti: zilipo karibu karibu palibeba mzigo mkubwa.

Jiwe la kumbukumbu liliwekwa mwaka 1988 na wanajeshi wa kituo cha Finningley cha jeshi la anga la Uingereza (RAF). Pembeni yake utakuta maua ya karatasi mekundu, misalaba midogo ya mbao, pengine bendera ya Marekani. Hapa watu 13 walikufa. Salimia kwanza. Vua kofia ukipenda, soma dua au omba kwa imani yako, halafu ndipo utoe simu. Nimeona picha za watu waliopanda juu ya injini wakinyoosha vidole viwili, na zinaniuma, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu ambaye angefanya hivyo kwenye makaburi ya nyumbani.

Mengine ya kuzingatia:

- Usipande wala kukalia chuma. Kingo za alumini iliyochanika zinakata buti, sembuse mkono.
- Usikusanye vipande kuvipanga vizuri kwa picha. Mahali kila kipande kilipo ni sehemu ya habari yenyewe.
- Ukiona kitu kama risasi au kitu kinachofanana na mfupa, usikiguse. Piga picha, andika namba za gridi, upige 101 kwa polisi ukishuka.
- Usiweke dira juu ya injini au karibu nayo. Chuma kinavuta sindano. Sogea mita kumi au zaidi kabla ya kupima mwelekeo wa kurudi.

Adhuhuri ikikukuta juu, dira hiyo hiyo itakupa kibla: nyuzi 118 hivi. Chukua mkeka wa plastiki, ardhi haikauki.

Umefanikiwa ikiwa: umeona injini na jiwe la kumbukumbu, na mtu atakayekuja baada yako hawezi kujua kama ulipita.

## Hatua ya 8: Kurudi

Ajali nyingi za milimani hutokea kwenye kushuka, watu wakiwa wamechoka na wameridhika. Usikate njia mpya. Geuza dira yako: ongeza nyuzi 180 kwenye zile ulizokuja nazo, au zipunguze kama zinazidi 180. Fanya tena ile kazi ya kumtuma mtu mbele na kuhesabu hatua. Hata ukikosea kidogo, Hern Clough iko mbele yako imelala kukatiza, huwezi kuivuka bila kujua. Ukiifikia pinda kulia, ufuate maji yanakokwenda, sasa yakiwa nawe safari moja.

Kaa macho pale njia inapoachana na kijito kurudi kuelekea Devil's Dyke. Wengine hujisahau, wakaendelea kushuka na maji, wakajikuta bonde la Alport, mbali kabisa na gari.

## Mambo yakiharibika

Piga 999, omba polisi, kisha uombe Mountain Rescue. Wape namba za gridi, idadi yenu, na hali ya mgonjwa. Wanaokuja ni watu wa kujitolea na huduma yao haina malipo, kwa hiyo usichelewe kupiga kwa kuogopa bili, wala kwa kuogopa kuulizwa mambo mengine. Kazi yao ni kukutoa mlimani.

Mtandao ukiwa hafifu, ujumbe mfupi unaweza kupita pale sauti inaposhindwa, lakini lazima namba yako iwe imesajiliwa kabla. Ukiwa nyumbani tuma neno "register" kwenda 999, usubiri jibu, ufuate maelekezo. Ni dakika mbili, zifanye leo.

Pasipo mtandao kabisa, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku fanya vivyo hivyo kwa tochi. Ukijibiwa, utasikia mara tatu. Endelea hata baada ya kujibiwa, mpaka wakufikie, kwa sababu wanaifuata sauti hiyo.

Mtu akianza kutetemeka, kisha maneno yake yakawa mazito na akaanza kujikwaa, joto la mwili linamtoka. Mwingizeni kwenye begi la plastiki, mvalisheni nguo kavu, mpeni kitu kitamu kama bado anameza vizuri, na mkae naye mkimkinga upepo. Msimlazimishe kutembea ili "apate joto".

Mkifika barabarani, kabla ya kuvua buti, mpigieni yule mliyemwachia ratiba.